Kuwahi na Kuchelewa kwa Kiingereza: Shajara ya Kadi Zetu za Wakati, Kisumu

Jumamosi, 11 Januari 2025: Tunaanza

Darasa letu la ngumbaru hukutana katika mtaa wa Manyatta kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba tulichoazimwa na kanisa. Wanafunzi ni 14: askari wa usiku wanne, waendesha boda boda watatu, makatibu wawili wa vyama vya akina mama, fundi cherehani mmoja, na wanne wanaofanya usafi na upishi katika nyumba za wageni. Kiingereza wanakijua cha kutosha kusoma ujumbe wa simu na kuujibu. Kinachowaangusha ni vineno vidogo vya saa na siku, vile ambavyo kila mtu hudhani anavijua.

Wiki iliyopita askari mmoja alikuja na barua ya onyo. Akiwa zamu alikuta kufuli la lango limevunjwa, saa nane usiku. Alitimiza wajibu wake wote: akapiga simu, akamwamsha mwenye nyumba, akaandika katika daftari la matukio. Aliandika "8 a.m." Saa nane kwake ni nane, na kwa kuwa kulikuwa kunaelekea kucha, akaona "a.m." ndiyo inayofaa. Msimamizi akasoma kwamba kufuli liligunduliwa saa mbili asubuhi, zamu ikiwa imekwisha tangu saa kumi na mbili. Mtu aliyefanya kazi yake barabara akaonekana mzembe na mwongo kwa sababu ya tarakimu moja. Iliniuma sana.

Nimeamua tutengeneze vifaa vyetu wenyewe, na niandike hapa kila hatua ili mwalimu wa Siaya, Busia au Kakamega asirudie makosa yetu. Leo tumenunua karatasi tatu za manila kwa Sh30 kila moja na kalamu nne za felti kwa Sh50 kila moja. Jumla Sh290. Kila manila imetoa kadi 16.

Jumamosi, 18 Januari: Saa ya mbao, jaribio la kwanza

Seremala wa jirani ametupa kipande cha plaiwudi bure. Nilichora duara mbili za namba: ya nje saa za Kiingereza, ya ndani saa za Kiswahili. Nilidhani nimemaliza kazi.

Haikufaa. Niliposema "seven o'clock" wengine walisoma duara la nje, wengine la ndani, na waliosoma la ndani walinionyesha saa saba mchana, ambayo kwa Kiingereza ni "one o'clock". Nilipaka duara la ndani rangi nyingine. Hali ikawa ile ile. Namba 24 kwenye uso mmoja ni nyingi mno kwa mtu anayetazama upesi.

Jumamosi, 25 Januari: Mshale wenye ncha mbili

Mkubwa wetu sote darasani, mzee aliyelinda malango kwa miaka mingi, ndiye aliyetutoa shimoni. Alivua saa yake ya mkononi akaniambia, "Mwalimu, mimi huisoma kwa mkia. Mshale mfupi ukielekea saba, natazama upande wa pili naona moja. Basi ni saa moja."

Ni kweli tupu. Saa yetu na ya Kiingereza zinapishana kwa sita kamili, na uso wa saa una namba 12, kwa hiyo namba inayotazamana na nyingine ndiyo jibu lake siku zote: saba na moja, nane na mbili, kumi na mbili na sita. Tulifuta duara lote la ndani. Tukakata mshale mpya wa saa, mrefu, unaopita katikati na kutokea upande wa pili. Ncha moja nyekundu, ya Kiingereza. Ncha ya pili kijani, ya Kiswahili. Mshale wa dakika ukabaki kama ulivyokuwa, maana dakika hazibadiliki, na nusu na robo huangukia mahali pamoja.

Boliti, nati na vikopo viwili vya rangi vimegharimu Sh150. Anayenakili asitumie msumari, mshale hulegea baada ya kuzungushwa mara chache. Boliti yenye nati mbili hukaza vizuri.

Tangu leo askari wote wanne wameweza kugeuza saa bila kuhesabu vidole. Kilichobaki kwao ni "a.m." na "p.m.", nitakirudia.

Jumamosi, 1 Februari: Saa kumi na moja ya Mathayo

Hakuna kifaa kilichotengenezwa leo, lakini nataka kulihifadhi somo lenyewe.

Fundi cherehani alikuwa amesikia redioni kwamba makubaliano fulani yalifikiwa "at the eleventh hour". Darasa zima likasema ni saa tano. Nilipowaambia kwamba maana yake ni dakika za mwisho, wakauliza saa tano ina mwisho gani. Hapo mzee akakumbuka Mathayo sura ya 20, wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mara ya mwisho saa kumi na moja. Hao wa mwisho walifanya kazi saa moja tu.

Msemo wa Kiingereza umetoka hapo. Biblia ya Kiswahili ina namba zile zile, na kwetu sisi hazihitaji maelezo: saa kumi na moja ni jioni, jua limebakiza saa moja litue. Mwingereza wa leo anautumia msemo huo, ila saa yake ya ukutani haimwambii kwa nini. Yetu inatuambia.

Nikawapa na "noon". Neno hilo linatokana na "nona" ya Kilatini, yaani saa ya tisa tangu macheo. Zamani lilitaja alasiri, wakati ule ule tunaoanzia darasa letu, kisha kwa karne nyingi likasogea hadi likatua saa sita mchana. "Siesta" ya Wahispania nayo ni saa ya sita. Warumi walihesabu kutoka macheo kama sisi. Kwetu hesabu hiyo imedumu bila taabu kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta, mnara wake uko hapo Maseno kwenye barabara ya Busia, na jua la Kisumu huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi tu. London mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Januari mapema hungoja hadi saa mbili asubuhi kupita.

Wengi darasani walikuwa wameambiwa shuleni kwamba saa ya Kiswahili ni kosa la kusahihishwa. Walitoka leo wakiwa wameinua vichwa.

Jumamosi, 8 Februari: Kadi 48 zimeshindwa

Kadi za kwanza nilizitengeneza kama wengi wanavyozitengeneza. Mbele Kiingereza, nyuma tafsiri. "On time": kwa wakati. "In time": kwa wakati. "By Friday": hadi Ijumaa. "Until Friday": hadi Ijumaa. Nilikuwa nimeandika kadi mbili zenye mgongo mmoja, tena zaidi ya mara moja, na sikuona kosa mpaka nilipozigawa.

Nilitoa sentensi moja ya kujaza: muuguzi alifika "___ time" kumwokoa mtoto. Waliopata ni sita kati ya 14, sawa na watu wanaobahatisha. Hawakuwa na kosa. Kadi haikuwapa chochote cha kuchagulia.

Jumamosi, 15 Februari: Kuwahi

Nilizitandaza kadi mbovu mezani nikawauliza wenyewe, bila Kiingereza, muuguzi yule alifanya nini. Kijana mmoja wa boda boda akajibu pale pale: "Alimwahi mtoto, Mwalimu."

Kuwahi! Neno tulilonalo tangu utotoni. Mtu huwahi basi, huwahi mvua kabla haijanyesha, huwahi maziko. Hiyo ndiyo "in time": kulikuwa na jambo ambalo lingepita au kuharibika, naye akalifikia kabla. "On time" ni nyingine, ni kufika kwa saa iliyopangwa, na bila ratiba haipo. Muuguzi hakuwa na ratiba ya mtoto kuzidiwa.

Tukaijaribu kwa safari. Basi la kutoka Kakamega lilipaswa kufika saa mbili, likafika saa mbili na nusu. Mtihani ulikuwa saa nne. Je, basi lilikuwa "on time"? Hapana. Je, mwanafunzi alikuwa "in time"? Ndiyo, aliuwahi mtihani. Sentensi mbili kuhusu asubuhi moja, moja inakataa na nyingine inakubali, na hakuna aliyebabaika. Tulirudia ile ya muuguzi na nyingine tatu za aina yake: 12 kati ya 14 walizipata zote.

Basi kanuni ya kadi imebadilika. Mgongoni hatuandiki tafsiri tena. Tunaandika swali, au sentensi ya Kiswahili yenye kitenzi kinachotenganisha. Manila mbili zaidi, Sh60.

Leo pia tumetundika ubao mkubwa. Nusu ya plaiwudi Sh900, kazi ya mchoraji wa mabango kutoka Kibuye Sh1,200. Amechora barabara inayotoka jana kwenda kesho na mtu anayetembea juu yake, na mishale ya "bring forward" na "put back". Umependeza kweli.

Jumamosi, 22 Februari: Ubao una kosa, na limeumiza watu

Katibu mmoja wa chama alifika amechelewa leo, akaketi bila kusalimu. Chama chao kilikuwa na kikao na shirika moja la mikopo Alhamisi, tarehe 20. Wiki iliyopita alipata ujumbe kwamba kikao kimekuwa "brought forward by two days". Akatazama ubao wetu. Mshale wa "bring forward" unaelekea mbele, kesho. Akaongeza siku mbili, akawatangazia wanachama waje leo, Jumamosi. Akina mama 19 walifunga vibanda vyao sokoni wakaja. Ofisi ilikuwa imefungwa. Kikao kilikuwa Jumanne.

Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu kosa si lake. Ni mimi niliyempa mchoraji mchoro ule.

Kwa Kiswahili, kikao kikisogezwa mbele kimeahirishwa. Siku kwetu ni safari, na mbele ni kule tusikofika bado. Kikirudishwa nyuma, kimekuwa mapema. Kiingereza kimegeuza vyote viwili: "brought forward" ni mapema zaidi, "put back" na "pushed back" ni baadaye. Sijawahi kukutana na pahali pengine ambapo lugha hizi mbili zinapeana migongo kiasi hiki. Mtu akitafsiri neno kwa neno atakosea kila mara, na atakosea akiwa na uhakika.

Jumapili, 2 Machi: Foleni badala ya barabara

Nimelala na jambo hili wiki nzima. Barabara haifai. Nilihitaji picha ambayo ndani yake kwenda mbele ni kuwa mapema, na picha hiyo tunaishi nayo kila siku: foleni. Mgonjwa anayeletwa mbele ya foleni ndiye anayehudumiwa mapema. Anayerudishwa nyuma ya foleni atangoja. Hapo "bring forward" na "put back" zinakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Mchoraji amefuta barabara na kuchora foleni ya siku za wiki, zimejipanga kama watu mbele ya dirisha la duka la dawa, Jumatatu ya kwanza, Jumapili ya mwisho. Kikao chetu cha mfano ni kadi inayoning'inia kwenye kulabu. Ukikileta mbele, unakipeleka karibu na dirisha. Sh400. Mimi ndiye niliyelipa, si mfuko wa darasa.

Jana, kabla ubao haujaja, tulifanya foleni ya watu wenyewe uani. Katibu alishika bango la Alhamisi na wenzake wakamsogeza nafasi mbili mbele, akajikuta Jumanne. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu juma lile, kisha akaomba wafanye tena.

Tahadhari kwa anayenakili: wakisema "moved forward" badala ya "brought forward", usikisie. Watafiti wa lugha waliwauliza wasemaji wa Kiingereza wenyewe kuhusu mkutano wa Jumatano uliokuwa "moved forward two days", baadhi wakasema Jumatatu, baadhi Ijumaa. Uliza tarehe. Nawe ukiandika, tumia "postponed to" au taja siku na tarehe yenyewe.

Jumamosi, 8 Machi: "By", "until", "in", "within"

Hizi zimekwenda upesi kwa kanuni mpya. "Until Friday" ni hadi Ijumaa, jambo linaendelea muda wote huo kisha linakoma. "By Friday" ni kufikia Ijumaa, jambo litatokea mara moja, siku yoyote kabla ya mwisho huo. Fundi cherehani alikuwa akiwaandikia wateja kwamba watapata sare "until Friday". Swali la mgongoni: je, linaendelea, au linamalizika?

"In" ilitusimamisha kidogo. "In an hour" inaonekana kama ndani ya saa moja, kumbe ni baada ya saa moja kuanzia sasa. Ndani ya saa moja ni "within an hour". Kijana wa boda boda aliambiwa na abiria amfuate "in an hour", akaanza kumngoja langoni baada ya dakika kumi, akapoteza safari tatu za asubuhi. Kadi yake tumeiandika kwa mkono wake.

Jumamosi, 22 Machi: "Late"

Kadi hii sikuipanga. Iliombwa.

Dada mmoja anayefanya usafi katika nyumba ya wageni alifiwa na mama yake mwaka jana, alfajiri, hospitalini. Alimwandikia meneja wake: "My mother is late. I will not come today." Meneja hakuwa mtu wa huku. Jibu lilikuja kwamba amngoje mama yake afike, kisha aje kazini. Alilisoma akiwa amesimama nje ya wodi. Leo ametusomea jumbe zote mbili kutoka kwenye simu yake, maana hakuwahi kuzifuta, akasema, "Mwalimu, andika hii vizuri, mwingine asipate jibu kama langu."

Kenya hii, na sehemu nyingine za Afrika, "he is late" husemwa na kueleweka kuwa amefariki. Hakuna aibu ndani yake, ni Kiingereza chetu. Lakini kwa msomaji wa Uingereza au Marekani sentensi ile ina maana moja tu: hajafika. Kwao "late" ya marehemu hukaa mbele ya jina peke yake: "my late mother", marehemu mama yangu. Ikikaa baada ya "is" au "was" inakuwa kuchelewa. Na kinyume chake huumiza pia. Mwalimu akiandika "the late pupils were sent home" kwa wanafunzi waliochelewa, mzazi anaweza kushtuka moyo. Salama ni "the pupils who came late".

Nimeandika kadi kwa herufi kubwa, bila mchoro wowote. Mbele: "My mother has died." Mgongoni: Mama yangu amefariki. Ndiyo kadi pekee ambayo tumeirudishia tafsiri, kwa sababu siku hiyo mtu hana nguvu ya kujibu maswali. "Passed away" tumeiweka chini yake kwa atakayetaka neno la upole zaidi.

Tulikaa kimya kidogo, tukafunga mapema.

Jumamosi, 5 Aprili: Za haraka

"I have delayed" tumeifuta katika simu za watu saba. Nikicheleweshwa na kitu, msongamano au mvua, ni "I was delayed". Nikichelewa tu, ni "I am late". Viambishi vya Kiswahili vimefanya kazi yote: kuchelewa, kucheleweshwa. "I am late with ten minutes" imekuwa "I am ten minutes late". "Lately" haihusu kuchelewa kabisa, ni siku hizi za karibuni. "At last" ni hatimaye, pale ulipongoja ukachoka. "In the end" ni mwishowe. "At the end" hudai kitu chake, mwishoni mwa mwezi, mwishoni mwa barabara. "Lastly" ni ya msemaji anayefikia hoja yake ya mwisho. Hapa Kiswahili kilikuwa na kila neno tayari, kazi ilikuwa kuyapanga tu.

Jumamosi, 26 Aprili: Usiku ni wa siku gani?

Somo la askari. Nimelipa Sh280 kwa nakala, kurasa nne kwa kila mwanafunzi, Sh5 kila ukurasa.

Askari akiandika "Friday night at 2", msomaji ajue ni Ijumaa gani? Kwa kalenda ya Kiingereza siku hubadilika saa sita usiku, kwa hiyo saa nane ya usiku wa zamu iliyoanza Ijumaa ni Jumamosi, "Saturday, 2 a.m." Kiswahili kina njia safi kuliko hiyo: saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Hakuna anayeweza kuisoma vibaya. Nimewafundisha waiseme hivyo moyoni kwanza. Siku waliyoitaja baada ya kuamkia ndiyo siku ya kuandika, mradi saa sita imepita. Kabla ya saa sita, wanaandika siku ambayo zamu ilianza.

Kwa "12 a.m." na "12 p.m." tumekata shauri zisiandikwe kabisa. Saa sita usiku ni "midnight", saa sita mchana ni "noon". Hata hivyo "midnight on Friday" bado ina utata, kwa kuwa inaweza kuwa mwanzo wa Ijumaa au mwisho wake, na ndiyo sababu tarehe nyingi za mwisho za kupeleka maombi huandikwa 23.59. Wawili wameomba wafundishwe saa 24 moja kwa moja. Kwa daftari la matukio nadhani ndiyo bora kuliko yote: 02.10 haibishaniwi.

Yule askari wa barua ya onyo ameandika upya tukio lake la Januari kwenye karatasi ya mazoezi, tarehe na saa zote sahihi, akaliambatisha na maelezo, akalipeleka kwa msimamizi.

Jumamosi, 17 Mei: Kadi tulizozitupa

"Next Friday" tumejaribu mara tatu. Ijumaa hii inayokuja, au ile ya wiki ifuatayo? Wasemaji wa Kiingereza wenyewe hawakubaliani. Kadi imetupwa, badala yake taja tarehe. "Biweekly" pia, kwa sababu kamusi za Kiingereza zinatoa maana mbili, mara mbili kwa wiki na kila baada ya wiki mbili. "Fortnight" imebaki, siku 14, haina ubishi. "Momentarily" Uingereza ni kwa muda mfupi, Marekani huweza kuwa baada ya muda mfupi. Tumeiacha kwa wanaohudumia wageni wa Marekani. "Half seven" ya Waingereza ni saa moja na nusu. Mpishi mmoja alikuwa akiipigia hesabu kuwa saa tatu na nusu, nusu ya saba, na chai ya wageni haikuwa mezani.

"Tomorrow but one" hueleweka vizuri hapa Kenya, lakini nje ya hapa andika "the day after tomorrow". Kiingereza kilikuwa na "overmorrow", ikafa. Sisi tuna kesho kutwa, mtondo (siku inayofuata kesho kutwa) na mtondogoo (inayofuata mtondo), na nilifurahi kuona kwamba wale vijana wa boda boda hawakuwa wamezisikia mbili za mwisho. Sasa wanazitumia kupangia zamu.

Jumamosi, 7 Juni: Hesabu na seti ya pili

Jumla mpaka leo ni Sh3,280: kadi na kalamu Sh350, saa Sh150, ubao na kuchorwa kwake Sh2,100, kuuchora upya Sh400, nakala Sh280. Anayeanza na foleni badala ya barabara, na maswali badala ya tafsiri, ataokoa zile 400 na manila mbili. Asiye na fedha za mchoraji achore foleni kwa chaki sakafuni, itatosha, mradi watu wasimame ndani yake.

Barua ya onyo ya yule askari imeondolewa kwenye faili lake. Alikuja na habari hiyo mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka somo likaisha ndipo akasema.

Seti ya pili ya kadi, 40, inakwenda Luanda, ile ya Vihiga, kwa mwalimu aliyeniomba. Saa ya mbao atatengeneza yake, nimempa vipimo.

Kilichobaki ni "since" na "for". Wengi bado wanaandika "since two years", wakifuata tangu miaka miwili iliyopita, na hapo Kiswahili hakijanipa kitenzi cha kutenganisha. Nimeandika swali la kujaribia: je, umetaja siku ya kuanzia, au umetaja urefu? Nimefunga kamba kwenye msumari mmoja wenye tarehe, na kamba nyingine nimeipima kwa dhiraa bila msumari. Tutaijaribu Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, "3 p.m."